Ebola ilituletea kipimajoto ku kila barieri. Kwa AVC tunangoja nini?

Mutu aliyesafiri ku barabara ya Beni–Butembo kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020 hawezi kusahau. Unashuka ku pikipiki, unanawa mikono na maji ya klori, kijana mwenye jile anakulengea kipimajoto ku paji la uso, anasoma namba, anakuambia pita. Kilometa chache mbele, barieri ingine, mambo ni yale yale. Ku mulango wa kanisa, ku masomo, ku soko, ku ofisi ya serkali: kipimajoto. Kuna wenye walilalamika, kuna wenye walikataa na kurusha mawe, lakini mwishowe tulizoea. Hata mama muuza ndizi alijua tofauti ya 36 na 38.

Sasa kuna namba ingine, ile ya tansio, na wengi wetu hatujui yetu. Muulize mufanyabiashara wa Butembo mwenye miaka 50: anajua dola imeamukia ku ngapi, anajua kontena yake iko wapi kati ya Mombasa na Kasindi. Muulize tansio yake. Atakujibu: «Mimi niko muzima, siumwe kitu.» Ubaya uko pale pale. Tansio haiume. Inaweza kukaa ndani ya mwili miaka kumi, kimya kama mupangaji anayelipa muzuri, halafu siku moja inaangusha nyumba.

Ninaongea juu ya AVC, ugonjwa wenye vitabu vya Kiswahili vinaita kiharusi na wenye sisi huku tunasema tu «tansio ilimupiga». Damu haifike tena ku sehemu fulani ya ubongo, sababu mushipa umezibwa na damu iliyoganda, ao mushipa umepasuka na damu inamwangika mu kichwa. Ku dunia nzima karibu watu milioni 12 wanapigwa kila mwaka, na wenye kufa wanapita milioni 7. Wengi zaidi wako mu inchi zenye kipato kidogo na cha katikati. Hesabu ya mwisho ya Ebola yetu kubwa tunaijua: wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Tulikuwa tunafuata ile hesabu ku radio siku kwa siku. Hesabu ya AVC ya Beni, ya Oicha, ya Katwa, nani alishaisikia ku radio?

Wandugu wetu wa Tanzania walihesabu. Kati ya 2003 na 2006 walifuata watu ku wilaya ya Hai, chini ya mulima Kilimanjaro, na ku mitaa ya Dar es Salaam. Kisha kusawazisha umri, walipata ku Hai karibu watu 109 wenye AVC kwa kila watu 100.000 mu mwaka moja. Ku Dar es Salaam walipata 316, hesabu yenye inapita ile ya inchi nyingi tajiri. Kijijini na mujini, tofauti ni karibu mara tatu. Butembo, yenye watu wengi walikuja toka mashamba ya Lubero na leo wanashinda wamekaa ku duka, inapashwa kusoma ile namba pole pole.

Mutu akipigwa kwetu, saa ya kwanza inaliwa na karuho. Baba ameamuka asubui, mudomo umepinda, mukono wa kuume unaninginia, maneno yanatoka kama ya mulevi. Jamaa inakusanyika. Ulizo la kwanza haliko «ilianza saa ngapi?» bali «jana alikunywa kwa nani?» Wanaanza kuhesabu majirani, wadeni, wake za ndugu. Wengine wanakimbia kumuita mutu wa kutoa sumu, wengine wanamupeleka ku chumba cha maombi. Sina shida na maombi. Mutu anaweza kuomba ndani ya gari pia, na gari likiwa linakwenda. Wakati ule wote ubongo unaendelea kufa. Na jioni, ao kesho yake, wakifika ku lopitali, muganga anauliza saa na hakuna mutu anayeijua.

Alama zenyewe haziombe masomo ya juu. Mudomo unapinda upande moja. Mutu anainua mikono miwili na moja inaanguka. Maneno yanachanganyika ao yanakosa. Ikitokea kwa gafula, tena hata kama ilipita kisha dakika kumi, ni lopitali, na mutu moja aandike saa ile mugonjwa alionekana muzima mara ya mwisho. Ile saa iko na bei kuliko hadisi yote ya karuho.

Juu nini saa? Kunako mwaka wa 1995, waganga wa Marekani walionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplasi, ikitolewa ndani ya masaa 3 inasaidia wagonjwa wengi zaidi kurudilia maisha yao bila kilema kikubwa. Mwaka wa 2008 uchunguzi wa Ulaya ulisogeza mupaka ule hadi masaa 4 na nusu. Mwaka wa 2015, kuanzia Uholanzi, wakahakikisha kwamba muganga anaweza kupitisha muriri mwembamba ndani ya mushipa hadi ku ubongo na kuvuta kile kipande kilichoziba. Ni kazi ya ajabu kabisa. Lakini mbele ya yote inaomba skana, kwa sababu kwa macho tu muganga hawezi kutofautisha mushipa uliozibwa na uliopasuka, na ile dawa ya kuyeyusha damu, kwa mutu mwenye mushipa umepasuka, ni kumumalizia.

Hapa ninataka tuongee kweli. Mugonjwa wa Mangurejipa atafika ku skana ndani ya masaa 4 na nusu kupitia wapi? Kanyabayonga na Kirumba zilianguka mu mikono ya M23 mwezi wa sita 2024, Goma mwezi wa kwanza 2025, na ofisi za jimbo zikahamia Beni. Safari ya kusini si jambo la masaa tena. Upande wa Uganda, kutoka Kasindi hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 400, na ile barabara ya Beni–Kasindi usiku, yenye ADF walishatega watu mara nyingi, hakuna dereva anayeitamani. Wakubwa wetu watapenda kutuahidi skana, kukata utepe na kupiga picha. Niko naitaka pia ile skana, na muganga wa kuisoma, na umeme wa kuitembeza. Lakini kama tunangoja ile tu, tutazika watu wengi wenye wangepona na vitu vyenye tuko navyo tayari.

Utafiti wenye ningependa kila muuguzi wa Kitatumba, wa Matanda, wa Katwa na wa Oicha asome ni wa Australia, ulitoka mwaka wa 2011. Ku lopitali 19 za jimbo la New South Wales, waligawanya wagonjwa makundi mawili. Kundi moja waliendelea na matunzo ya kawaida. Kundi la pili, wauguzi walifuata mambo matatu ndani ya siku tatu za kwanza: kupima joto la mwili na kuishusha haraka ikipanda, kupima sukari ya damu na kuitengeneza, na kupima kama mugonjwa anaweza kumeza mbele ya kumupa chakula ao dawa ya kinywa. Hakuna mashine mupya, hakuna dawa mupya. Kisha siku 90, ku kundi la kawaida watu 58 kwa 100 walikuwa wamekufa ao wamebaki na kilema. Ku kundi la wauguzi, walikuwa 42.

Soma tena lile jambo la kumeza. AVC inaweza kulegeza koo. Chakula, badala ya kwenda ku tumbo, kinaingia ku mapafu, na kisha siku chache mugonjwa anakufa na nimonia, sisi tunasema «AVC ilimumaliza». Sasa fikiria vile tunafanya. Mutu ameanguka, jambo la kwanza ni kumupa maziwa ao mafuta ya mawese «ili sumu itoke». Ku lopitali, dada yake anakuja na uji wa mutama, anamuinua kichwa, anamumiminia na kijiko, kwa mapendo. Kule Australia muuguzi anakaza: hakuna kitu ku kinywa mbele ya kupima. Kipimo chenyewe kinaanza na mugonjwa aliye macho, ameketishwa wima, anapewa maji kidogo kabisa, wanaangalia kama anakohoa ao sauti inageuka. Inaomba muuguzi aliyefundishwa, kikombe na kijiko. Basi.

Mwaka wa 2023 ukatoka utafiti mwengine, wa wale wenye mushipa ulipasuka. Wagonjwa 7.036, inchi 10, kenda kati yao hazina mali mingi, na Nigeria ilikuwamo. Walishusha tansio ya juu hadi chini ya 140 ndani ya saa ya kwanza ya matibabu, wakachunga sukari, wakachunga joto, na kwa wale waliokuwa wanakunywa dawa za kuzuia damu kuganda wakatengeneza ile shida. Yote pamoja, haraka, si moja leo na ingine kesho. Waliopona muzuri waliongezeka. Waganga walikuwa wamekata tamaa na ile aina ya AVC kwa miaka mingi, na kitu kilichofungua mulango hakikuwa mashine kubwa.

Lakini muangalifu, hapa jamaa isijifanye muganga. Kuna watu wakiona mutu ameanguka wanamutia kidonge cha tansio chini ya ulimi, hata cha jirani, ao wanamupa aspirini juu walisikia aspirini «inafungua damu». Mwaka wa 2024, ku China, walijaribu kushusha tansio ndani ya ambilansi mbele ya kujua ni aina gani. Kwa wenye mushipa ulipasuka ilisaidia. Kwa wenye mushipa ulizibwa iliumiza. Na huku Afrika waliopasukiwa si wachache: ku utafiti mukubwa wa Nigeria na Ghana walikuwa karibu theluthi ya wagonjwa. Mwachie muganga ile kazi. Yako ni kumulaza kwa upande kama hana fahamu, kuandika saa, na kutafuta gari.

Ule utafiti wa Nigeria na Ghana, chini ya Profesa Mayowa Owolabi, ninaupenda kwa sababu ingine tena. Ulitoka mwaka wa 2018. Walichukua watu 2.118 wenye AVC na kila moja wakamulinganisha na mutu wa umri wake asiyekuwa nayo. Tansio ilitangulia mbali sana kuliko yote. Nyuma yake zikafuata mafuta mabaya ya damu, ugonjwa wa sukari, tumbo kubwa, nyama kila siku, kuongeza chumvi ku meza, mawazo mengi, kukaa bila kutembea, sigara. Na moja yenye inatuhusu kabisa: kutokula majani. Sombe, lengalenga, matembele! Vitu vyenye mama zetu wa mashambani wanauza kwa bei kidogo ku soko, na sisi wa mujini tukipata pesa kidogo tunaviacha «kwa maskini», tunaagiza brosheti na bia. Mawazo nayo, Beni haiombe mutu wa kuifundisha. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wanachinjwa mashambani. Hakuna kidonge cha ile, na sitajifanya niko nacho.

Chumvi ninaiongea peke yake. Babu zetu Wanande walitembea kwa miguu hadi Katwe, ngambo ya Uganda, kutafuta chumvi, ilikuwa mali. Leo iko ku samaki wa ziwa Eduardi waliotiwa chumvi, iko ku makayabu, iko ku vile vipande vya supu vyenye tunavunja ku kila sufuria, na kisha tunaongeza ingine ku sahani mbele ya kuonja. China ilijaribu, ku vijiji 600: nusu ya vijiji walipewa chumvi yenye robo moja iko ya potasiamu badala ya sodiamu. Matokeo ya 2021: AVC zilipunguka 14 kwa 100. Wenye figo mbovu hawapashwi kuigusa bila muganga. Wafanyabiashara wetu wanaleta kila kitu toka Guangzhou. Siku moja walete ile pia.

Tena China, na hii ndiyo inanirudisha ku barieri za Ebola. Ku vijiji 326, kati ya watu karibu 34.000 wenye tansio, nusu ya vijiji waliwapa kazi waganga wa kijiji, wale wasiosoma chuo kikuu cha udaktari. Walifundishwa njia moja ya kupima na kupanda dawa ngazi kwa ngazi, dawa za bei ndogo ao bure, daktari wa mbali akiwa anawasimamia. Kisha miaka mitatu, AVC zilipunguka karibu theluthi moja. Sisi tuko na wauguzi mu kila kituo cha afya. Tuko na wale RECO wa kila avenyu, wenye wakati wa Ebola walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, wanajua nani ana homa na nani amesafiri. Walifukuzwa, walitukanwa, wengine waliuawa, na bado waliendelea. Leo wengi wao wanakaa na jile ku musumari.

Na mutu asiniambie kwamba utafiti ni jambo la wengine. Kati ya mwezi wa kumi na moja 2018 na mwezi wa nane 2019, ni hapa, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, walijaribu dawa ine za Ebola kwa wagonjwa 681, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa mbele. Mbili kati yake zilishinda, na leo dunia inatibu Ebola nazo. Muji wenye uliweza kufanya ile kazi huku watu wanarusha mawe, huku Daktari Richard Mouzoko anauawa kwa risasi ku Cliniki ya Chuo kikuu cha Graben mwezi wa ine 2019, unashindwaje kupima tansio za waumini kisha misa ya pili?

Ninajua watanijibu nini. «Watu wanakufa kwa panga, wewe unatuletea tansio.» Ndiyo, ninaileta. Mama aliyekimbia Mayi-Moya ao Eringeti na watoto, kibegi cha dawa kilibaki ku nyumba. Kisha juma mbili bila dawa, tansio inapanda, anaanguka ku uwanja wa masomo kwenye wakimbizi wamelala, na ku hesabu ya vita jina lake halimo. Wenye kugawa unga na maturubai wangeweka pia amlodipini ya miezi mitatu kwa mutu mwenye kadi ya tansio. Ni dawa ya zamani, kila kiwanda kinaitengeneza, ni kidonge kimoja kwa siku. Shida kubwa kwetu ni kwamba mutu akijisikia muzuri anaacha. Dawa ya tansio haiko kama ya malaria, hakuna siku tatu na kumaliza. Ni kama kodi ya nyumba: utalipa wakati wote unakaa mule.

Na wale wenye walishapigwa na wakabaki? Kwao ndiyo tunawaacha zaidi. Baba anarudi nyumbani, anawekwa ku chumba cha nyuma, mukono unakauka umejikunja, na hadisi imekwisha. Tusiingie pia ku haraka ya kipumbavu: utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba kumuvuta mugonjwa asimame na kutembea mara nyingi tangu siku ya kwanza kabisa kunamuharibia. Kisha zile siku za kwanza, kidogo kidogo na mara kwa mara, ndiyo njia. Na ku India mwaka wa 2017 walijaribu kufundisha jamaa kufanya mazoezi ya mugonjwa nyumbani, wagonjwa 1.250; haikuleta tofauti. Jamaa peke yake haitoshe, inaomba mutu wa kazi ya kunyoosha viungo apite nyumbani, aangalie, asahihishe. Kila zoni ya afya ingekuwa na wawili tu wa kuzunguka na pikipiki, tungeona.

Ombi langu kwa wakubwa wa zoni za afya za Beni na Butembo haliko refu. Rejista ya kila kituo iongezewe mustari wa tansio kwa kila mutu mukubwa anayeingia, hata kama amekuja juu ya jino. Mwisho wa mwezi namba zisomwe ku radio, na AVC za mwezi pia, vile tulikuwa tunasoma za Ebola. Kwa mashine za kupimia, ninawageukia wafanyabiashara wa Butembo, muji wenye ulijijenga pasipo kungoja Kinshasa: kila duka kubwa linunulie kituo cha avenyu yake moja. Na wasitafute zile zenye kioo na taa. Ile ya kupuliza kwa mukono haiombe hata batri.